Wingi wa nomino za Kiingereza: mwongozo kamili kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Kiswahili huonyesha wingi mwanzoni mwa neno, kisha huusambaza sentensi nzima: *kitabu kizuri kimepotea*, *vitabu vizuri vimepotea*. Kiingereza huuweka mwishoni mwa nomino, mara nyingi kwa herufi moja tu, na maneno mengi yaliyobaki hayashtuki: *the good book is lost*, *the good books are lost*. Sikio lililozoea kutega mwanzo wa neno hupitwa na herufi hiyo, na mkono huisahau wakati wa kuandika.

Masomo mengi ya shuleni huanza na kanuni ya *-s*, yakarukia *ox* na *oxen*, yakaishia hapo. Mpangilio huo sikubaliani nao. Mtu anaweza kuishi miaka bila kuandika *oxen* hata mara moja, lakini barua yake ya kwanza ya kuomba kazi itamlazimisha achague kati ya *information* na *informations*. Kwa hiyo hatua hizi nimezipanga kwa kufuata mahali ambapo msemaji wa Kiswahili hujikwaa kweli.

Kabla ya kuanza, tenga kurasa chache za daftari. Kila nomino mpya utakayokutana nayo, iandike kwa umoja na kwa wingi, pamoja na sentensi moja fupi. Neno lililokaririwa peke yake husahaulika upesi, ila likiwa ndani ya sentensi hurudi na kitenzi chake.

Hatua ya 1: Uliza kwanza kama neno linahesabika

Kabla ya kufikiria *-s*, jiulize kama Kiingereza kinaruhusu kitu hicho kuhesabiwa moja, mbili, tatu. Usijibu kwa kutazama kitu chenyewe. Viti na meza vinahesabika popote duniani, lakini *furniture* haihesabiki. Jibu limo katika lugha, na lugha mbili hazilazimiki kukubaliana.

Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotuponza. Tunasema *vifaa*, kwa hiyo tunaandika *equipments*. Tunasema *mizigo*, tunaandika *luggages*. *Nywele* zetu ni wingi wa *unywele*, basi mtu anakwenda kwa kinyozi kukata *hairs*. *Taarifa* ni nyingi, *wafanyakazi* ni wengi, *tafiti* ni nyingi, na hivyo ndivyo *informations*, *staffs* na *researches* zinavyoingia katika ripoti za ofisi. Yote hayo yaandikwe bila *-s*: *equipment, luggage, hair, information, staff, research*. Ongeza katika orodha hiyo *advice, furniture, homework, evidence, knowledge, money, rice, bread, traffic, jewellery*. Haya ndiyo ya kukariri mapema, kabla ya bata bukini na panya (*goose, geese* na *mouse, mice*).

Ukitaka kuhesabu, tafuta kipimo, kisha kihesabu hicho kipimo: *two pieces of advice, three items of furniture, a loaf of bread, four bags of rice, five members of staff*. Kipimo ndicho kinachochukua wingi, nomino yenyewe inatulia. Na usitumie *many* pamoja nayo. Sema *much* katika swali na katika ukanushi, na *a lot of* kwingineko: *we don't have much information*, *she brought a lot of luggage*.

Kuna kundi jingine la hatari zaidi kwa sababu linafanana na wingi kwetu. *Maji, mafuta, maziwa, mate*: maneno haya yana kiambishi *ma-* na yanachukua upatanisho wa wingi, *maji haya yamechafuka*. Ukihamisha upatanisho huo utaandika *these water are dirty*. Kwa Kiingereza ni umoja tupu: *this water is dirty*, *the milk is cold*. Vivyo hivyo *habari hizi ni nzuri* inakuwa *this news is good*. Ile *s* ya *news* si alama ya wingi kwa kitenzi, wala ile ya *mathematics, physics* na *measles*.

Sasa geuza upande wa pili. Kwetu *suruali* inaweza kuwa moja, *mkasi* mmoja, *koleo* moja. Kiingereza kinaona vitu hivi vina sehemu mbili zilizoungana, hivyo ni wingi daima: *my trousers are torn*, *the scissors are on the table*. Umoja *a trouser* na *a scissor*, ambao husikika sana Afrika Mashariki, haumo katika Kiingereza sanifu. Sema *a pair of trousers, two pairs of scissors*. Humo humo wamo *glasses* za macho, *shorts, jeans, pliers* na *tweezers*.

Halafu *police*. Tunasema *polisi amekuja* na *polisi wamekuja*, neno lile lile. Kwa Kiingereza *police* ni wingi tu: *the police are here*. Mmoja ni *a police officer*. *Cattle* nayo iko hivyo, na *people* pia kwa maana ya watu. *Peoples* ipo, ila maana yake ni makabila au mataifa: *the peoples of the Great Lakes region*.

Zuio la *-s* kwa maneno yasiyohesabika lina mlango mdogo. Ukiwa mgahawani unaweza kuagiza *two coffees*, maana yake vikombe viwili. *A hair* ni unywele mmoja ulioukuta kwenye supu. *Experience* ni uzoefu, *experiences* ni mambo yaliyokupata. *Paper* ni karatasi kama malighafi, *papers* ni nyaraka, magazeti au mitihani. Ukiona neno lisilohesabika limevaa *-s*, usikimbilie kusema ni kosa. Angalia kwanza kama maana imehama.

Hatua ya 2: Kama linahesabika, sikiliza sauti ya mwisho

Nomino nyingi mno huchukua *-s*: *cup, cups, road, roads, teacher, teachers*. Pale ambapo ulimi hauwezi kuunganisha *s* na sauti iliyopo, tunaongeza *-es* na neno linapata silabi moja zaidi. Sauti hizo ni zile za mluzi na mkwaruzo: *s, z, sh, ch*, na *x* ambayo kimatamshi ni *ks*. Basi *bus, buses, dish, dishes, church, churches, box, boxes*. *Quiz* inarudufu herufi kwanza, *quizzes*.

Nimesema sauti kwa makusudi. *Stomach* na *monarch* zinaandikwa kwa *ch* lakini zinatamkwa kwa *k*, hivyo *stomachs, monarchs*. Anayetazama herufi atakosea hapa, na anayesikiliza atapata. Na neno likiwa tayari lina *e* mwishoni, kama *face, judge* na *prize*, utaongeza *s* peke yake kwenye karatasi, ila kinywani silabi inaongezeka vile vile: *face* ni silabi moja, *faces* ni mbili.

Matamshi ya *-s* ni matatu, na sisi huwa tunalitumia moja. Baada ya sauti zisizo na mghuno kama *p, t, k, f*, ni *s*: *cups, cats, books*. Baada ya sauti zenye mghuno na irabu zote, ni *z*: *dogs, beds, cars, days*. Baada ya mluzi, ni *iz*: *buses, boxes*. Weka vidole kooni utamke *b* kisha *p*. Koo likitetemeka, tumia *z*. Mwingereza hafundishwi kanuni hii, anaipata utotoni. Mwaka 1958 mtafiti Jean Berko, Mmarekani, alichapisha utafiti ambamo watoto wadogo walionyeshwa picha ya kidude kilichopewa jina la kubuni, *wug*, kisha picha ya vidude viwili, wakaambiwa wamalizie jina. Wengi walisema *wugs*, kwa *z*, ingawa neno hilo hawakuwahi kulisikia popote. Kanuni ilikuwa vichwani mwao tayari. Sisi tunaokuja ukubwani tunaipata kwa kusoma kwa sauti.

Kuna jambo moja ambalo msemaji wa Kiswahili analiweza kuliko wanafunzi wengi wa mataifa mengine. *Mouth* ina *th* ya *thamani*, lakini wingi wake, *mouths*, kwa kawaida hutamkwa kwa *dh* ya *dhahabu* ikifuatwa na *z*. Kadhalika *house* ina *s*, ila *houses* inakuwa *hauziz*. Herufi hazikuambii, sauti tunazo nyumbani.

Tatizo letu la kweli ni mwisho wa neno. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hiyo ulimi wetu ama humeza konsonanti za mwisho, *five book*, ama huzitilia irabu. Fanya zoezi la kutamka jozi polepole: *desk, desks, test, tests, month, months*. Hata wenyewe hurahisisha *months* ikasikika kama *mants*, usijitese.

Hatua ya 3: Tazama herufi kabla ya y na o

*Y* ni rahisi. Ikitanguliwa na konsonanti, inageuka *-ies*: *city, cities, baby, babies, country, countries*. Ikitanguliwa na irabu, ongeza *s* tu: *day, days, key, keys, monkey, monkeys*. Majina ya watu hayaguswi: darasa lenye Mary wawili lina *two Marys*.

*O* haina nidhamu. Maneno ya kila siku yanayotaka *-es* ni machache: *potatoes, tomatoes, heroes, echoes*, na katika habari za siasa *vetoes* na *embargoes*. Yanayotaka *-s* peke yake ni yale yenye irabu kabla ya *o*, kama *radios, videos, studios*, na yale yaliyokatwa kutoka neno refu, kama *photos, kilos, rhinos, hippos*. *Piano* na maneno mengine ya muziki kutoka Italia pia: *pianos, solos*. Katikati kuna yanayokubali njia zote mbili: *mangoes* au *mangos*, *mosquitoes* au *mosquitos*, *volcanoes* au *volcanos*. Kwa maembe na mbu, *-es* ndiyo inayoonekana zaidi. Chagua moja, ishike hadi mwisho wa andiko lako.

Maneno yetu yaliyoingia Kiingereza nayo hupewa *-s* bila kuulizwa: *safaris*, *shambas*, na magazeti ya Nairobi huandika *matatus* kila siku. *Ma-* ya mwanzo haiwasumbui.

Hatua ya 4: Maneno yanayoishia kwa f

Kuna kundi dogo ambalo *f* hugeuka *v*, na inatosha kulikariri lote: *calf, calves, half, halves, knife, knives, leaf, leaves, life, lives, loaf, loaves, self, selves, shelf, shelves, thief, thieves, wife, wives, wolf, wolves*. Ongeza *elf* na *sheaf* kama unasoma hadithi za kale. Mengine hayageuki: *roofs, chiefs, beliefs, proofs, safes, chefs, giraffes, cliffs*. *Scarf, hoof, dwarf* na *wharf* huandikwa kwa njia zote mbili.

Sababu ipo. Katika Kiingereza cha kale, *f* iliyokuwa katikati ya sauti zenye mghuno ilitamkwa *v*. Mbwamwitu mmoja alikuwa *wulf*, wengi *wulfas*, na *f* ya neno hilo la pili ilisikika kama *v*. Irabu ya *-as* ilikufa, matamshi yakabaki. Maneno kama *chief* na *proof* yaliingia kutoka Kifaransa baada ya Wanormani, wavamizi kutoka Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, hayakurithi tabia hiyo. *Roof* ni mzawa kabisa lakini limejiunga na wageni. Ndiyo maana sikuiandika sababu hii kama kanuni.

Hatua ya 5: Wazee wa lugha

Nomino zinazobadili irabu katikati ni saba tu, usiziogope: *man, men, woman, women, foot, feet, tooth, teeth, goose, geese, mouse, mice, louse, lice*. Ni chache, ila zimo katika mazungumzo ya kila siku, na hilo ndilo lililoziokoa. Neno litumikalo kila saa hukaririwa na mtoto kabla hajajua kanuni. Neno lisilotumika sana husahaulika umbo lake, likapewa *-s*. *Book* lenyewe, katika Kiingereza cha kale, lilikuwa *boc* kwa umoja na *bec* kwa wingi. Leo ni *books* kama mengine.

Mabadiliko hayo ya irabu yalianza kabla Kiingereza hakijaandikwa. Wingi wa *fot* ulikuwa na kiambishi chenye *i* mwishoni. Kinywa kilianza kujiandaa kwa *i* mapema, kikaivuta *o* isogee mbele. Baadaye kiambishi kikaanguka, irabu iliyovutwa ikabaki kuwa alama pekee ya wingi. Anayesema *pigia* lakini *somea* anajua jinsi irabu zinavyoweza kuvutana ndani ya neno.

Angalia *women*. Kinachoandikwa kubadilika ni silabi ya pili, kinachosikika zaidi ni ya kwanza: *wuman* kwa mmoja, *wimin* kwa wengi. Wengi wetu tunatamka yote mawili sawa, na msikilizaji hajui kama alikuja mama mmoja au walikuja watano.

Usiueneze ubadilishaji huu kwa kila neno lenye *man*. *Human* ni *humans*, *German* ni *Germans*, *Roman* ni *Romans*, kwa sababu *man* iliyomo humo si yule mtu. *Policeman* ni *policemen*, *fisherman* ni *fishermen*. Na nguchiro, *mongoose*, hana undugu na bukini: ni *mongooses*.

Wengine wawili wana *-en*: *ox, oxen* na *child, children*. Zamani kiambishi hiki kilikuwa na nguvu, hasa kusini mwa Uingereza, ambako watu walisema *eyen* kwa macho na *shoon* kwa viatu. *-S* ikashinda. *Children* ina wingi juu ya wingi: kulikuwa na *childre*, ambayo tayari ni wingi, watu wakaongeza *n*. Kwa hiyo *childrens* unayoiona kwenye mabango ya shule za chekechea ni wingi wa tatu.

*Person* kwa kawaida huwa *people*. *Persons* utaikuta kwenye sheria na kwenye vibao vya lifti. *Penny* ni *pennies* ukihesabu sarafu, *pence* ukitaja thamani.

Hatua ya 6: Yasiyobadilika

*Sheep, deer, aircraft, species, series, offspring* hukaa vile vile: *one sheep, forty sheep*. Kitenzi na namba ndivyo vinavyokuambia idadi. *Fish* nayo huwa hivyo. *Fishes* hutumiwa na wanasayansi wanapozungumzia aina mbalimbali. Majina ya mataifa yanayoishia kwa *-ese* pia: *a Chinese tourist, the Chinese, the Japanese*.

Wanaofanya kazi ya kuongoza watalii wajue jambo hili. Wawindaji na watu wa mbugani hutaja wanyama kwa umoja hata wakiwa kundi: *we saw three lion and a herd of buffalo*. *Impala, kudu* na *wildebeest* huzoeleka zaidi bila *-s*. Ni lugha ya kazi hiyo, na ukiwa Serengeti haitamshangaza mtu. Katika mtihani andika *lions, elephants, zebras*.

Namba nazo, kwa bahati nzuri, zinafuata mantiki yetu. Sisi husema *watu mia tatu*, lakini *mamia ya watu*. Kiingereza hufanya hivyo hivyo: *three hundred people*, *hundreds of people*, *five million shillings*, *millions of shillings*. Ukitaja namba kamili, *hundred, thousand* na *million* hazichukui *-s*. Ajabu ni kwamba tunakosea hapa ingawa lugha zinakubaliana.

Hatua ya 7: Wageni kutoka Kilatini na Kigiriki

Aliyeko sekondari au chuoni atakutana nao katika sayansi. Yapange kwa miisho.

*-is* inakuwa *-es*, inayotamkwa *iiz*: *crisis, crises, basis, bases, analysis, analyses, hypothesis, hypotheses, oasis, oases*. Hii ndiyo familia inayotii kuliko zote.

*-on* ya Kigiriki inakuwa *-a*: *phenomenon, phenomena, criterion, criteria*. Kosa la kawaida ni *a criteria* na *this phenomena*. Lakini *electron* ni *electrons*, *neutron* ni *neutrons*.

*-um* inakuwa *-a* katika maneno ya maabara, *bacterium, bacteria*, na hubaki na *-s* katika maneno ya mtaani: *stadiums, museums, albums*. *Data* kwa asili ni wingi wa *datum*. Leo *the data is* na *the data are* zote zinakubalika. Makala za kisayansi hupendelea ya pili. *Media* ni wingi wa *medium*, na waandishi waangalifu huandika *the media are*.

*-us* ni mtego. *Stimulus, stimuli, nucleus, nuclei, fungus, fungi, alumnus, alumni*. Ila *virus* ni *viruses*, *bonus* ni *bonuses*, *campus* ni *campuses*, *census* ni *censuses*. *Syllabus* inakubali *syllabuses* na *syllabi*. Pweza, *octopus*, ni *octopuses*. *Octopi* ilizaliwa na watu waliodhani neno ni la Kilatini kumbe mzizi wake ni wa Kigiriki. Na mtu mmoja aliyemaliza chuo asijiite *an alumni*.

*-a* inakuwa *-ae* katika *larva, larvae*. *Formula* ni *formulas* au *formulae*. *Antennae* ni za mdudu, *antennas* ni za redio. *Appendix* ya kitabu ni *appendices*, *matrix* ni *matrices*, *index* ni *indexes* kwa faharasa za vitabu na *indices* kwa hesabu.

Ukisahau, fungua kamusi. Kamusi nzuri ya Kiingereza huonyesha wingi pale tu usipokuwa wa kawaida. Isipouonyesha, weka *-s* au *-es* bila wasiwasi.

Hatua ya 8: Nomino ambatani, majina na vifupisho

Katika nomino ya maneno kadhaa, tafuta neno lililo kiini, ndilo libebe wingi. Wakwe wa kike ni *mothers-in-law*, wapita njia ni *passers-by*, washindi wa pili ni *runners-up*, wanasheria wakuu wa serikali ni *attorneys general*. Kama hakuna nomino ndani yake, *-s* inakwenda mwisho: *grown-ups*. Kama ni neno moja lililoungana, mwisho pia: *toothbrushes, bedrooms*, na kwenye mapishi *two spoonfuls of sugar*. *Woman* na *man* zikitangulia kuonyesha jinsia ya mtu, hubadilika pamoja na zinazofuata: *women doctors*.

Familia nzima huitwa kwa jina lake lenye *-s*: *the Mushis, the Otienos*; likiishia na mluzi, *the Joneses*. Vifupisho ni *MPs, NGOs, CVs*. Miongo ni *the 1990s*.

Hakuna ritifaa (alama hii: ') katika yoyote kati ya hayo. Kibao kinachosema *Mango's* au *Chip's* hakisemi maembe wala chipsi, kinasema kitu cha Embe. Ritifaa ni ya umiliki: *the girl's books* ni vitabu vya msichana mmoja, *the girls' books* ni vya wasichana wengi, *the children's books* ni vya watoto, kwa sababu *children* ni wingi tayari na ritifaa inatangulia *s*. Waandishi wengi huiruhusu kwenye wingi pale wanapotaja herufi ndogo mojamoja, *two t's*, ili msomaji asichanganyikiwe.

Hatua ya 9: Kagua sentensi iliyobaki

Nomino ikishakaa sawa, pitia majirani zake. Vivumishi vya Kiingereza havina wingi: *viatu vyeusi* ni *black shoes*, kamwe si *blacks shoes*. Vinavyobadilika ni *this* na *that* tu, vikawa *these* na *those*.

Nomino ikifanya kazi ya kivumishi, nayo huacha *-s* yake: mpango wa miaka mitano ni *a five-year plan*, mtoto wa miaka kumi ni *a ten-year-old child*, noti ya shilingi elfu kumi ni *a ten-thousand-shilling note*. Bila nomino mbele, *-s* inarudi: *the child is ten years old*.

*Each* na *every* hutaka umoja: *every student has a book*. *One of* hutaka wingi, kisha kitenzi cha umoja: *one of my friends is sick*. Hili la mwisho hukosewa hata na watangazaji, kwa sababu sikio linasikia *one* na kuamini kuwa kila kinachofuata ni kimoja. Rafiki anayeumwa ni mmoja, lakini anachaguliwa kutoka kundi.

Jipime

Aya hii ina makosa 13. Yatafute kabla ya kusoma chini yake.

*Yesterday two womans came to our office with many luggages. One of the child was carrying three knifes and a scissor. They asked for informations about bus's to Mwanza. The police was called, but there were no evidences of any crime. Our staffs gave them good advices, and each passengers paid twenty thousands shillings.*

Iliyosahihishwa:

*Yesterday two women came to our office with a lot of luggage. One of the children was carrying three knives and a pair of scissors. They asked for information about buses to Mwanza. The police were called, but there was no evidence of any crime. Our staff gave them good advice, and each passenger paid twenty thousand shillings.*

Kama uliona *womans* na *knifes* lakini *evidences* na *staffs* zikakupita, rudi hatua ya 1 kabla ya kuendelea na Kilatini. Kama ulinaswa na *were no evidences*, kumbuka kuwa kuondoa *-s* pekee hakutoshi. Kitenzi nacho lazima kishuke kiwe *was*.